Koplo Aliyenikataza Kucheza

Juma lililopita nilipigiwa simu nikaarifiwa kwamba koplo mmoja mstaafu, aliyekuwa mchua misuli wa timu yetu ya kandanda katika kambi ya jeshi ya Makindye, Kampala, amefariki kwao kaskazini mwa Uganda. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua nimehama miji mingi na kuaga watu wengi. Huyu ndiye aliyenifanya nidumu Kampala miaka tisa. Nilitoka Bungoma nikiwa kijana, nimejikunyata juu ya magunia ya vitunguu ndani ya lori, siku mbili nzima kwa kuwa tulikwama mpakani. Niliposhuka nilikuwa nimekakamaa mwili mzima, na jioni ileile nikaingia uwanjani kujaribiwa.

Msuli wa nyuma ya paja ukaanza kukaza. Sikumwambia mtu. Kambini, askari anayejipanga kwenye foleni ya wagonjwa huonekana mkwepa kazi, nasi wachezaji, hata tusio askari, tuliifuata fikra hiyo. Tulijipaka dawa ya kuchua inayowasha mpaka machozi, na ngozi ikishapata moto tuliamini msuli umelegea. Kumbe moto ulikuwa wa ngozi tu.

Koplo alikuwa na utaratibu wake. Asubuhi ya mechi kila mchezaji alilala chali nyasini, akanyanyua mguu bila kukunja goti mpaka uguse kiganja cha koplo. Siku ya mechi na timu ya Kyambogo, ambayo kapteni wa jeshi aliyekuwa kocha wetu alisema ndiyo ingeamua kama nisajiliwe au nirudi kwetu, mguu wangu uliishia nusu ya njia. Wenzangu walicheka, mmoja akasema Mkenya amekuja na mguu wa meza. Koplo aliinusa ile dawa pajani, akauliza najipaka tangu lini. Nikamwambia siumwi. Kapteni akaamuru nipewe jezi.

Koplo akasimama wima. "Afande, huyu hachezi leo. Nyama ya nyuma imevutika. Akikimbia, itapasuka."

"Kocha ni nani hapa?"

"Ni wewe, afande. Lakini mguu yake iko mikononi yangu. Kama ni makosa, andika jina yangu."

Koplo anayemjibu kapteni hivyo mbele ya watu anaweza kulala mahabusu. Kapteni akampa jezi mtu mwingine. Tulifungwa bao moja. Nilimchukia koplo kwa moyo wote, nikaanza kufunga mkoba, naye akaja kuniambia kwamba ameniombea kwa kapteni wiki sita za kuuguza mguu na nitalala kwake.

Wiki hizo alininyoosha kila asubuhi, polepole, bila dawa ya kuwasha. Kwanza alinitembeza, halafu akanikimbiza tambarare, mwisho akanipandisha kilima cha Makindye. Tuliporudiana na Kyambogo nilifunga mabao mawili, la pili nikiwa nimekimbia na mpira tangu katikati ya uwanja, na mabeki wawili wakabaki nyuma. Kapteni alimkumbatia koplo kabla hajanifikia mimi. Tangu siku hiyo kapteni mwenyewe ndiye aliyetupanga nyasini kupimwa miguu, na aliyeshindwa kuunyanyua hakuitwa tena mkwepa kazi.

Nimefanya kazi viwandani, bandarini na hotelini tangu hapo. Kila mahali nimekuta watu wanaoficha maumivu, na wakubwa wanaowasifu kwa uvumilivu mpaka siku wanapoanguka. Kisha huajiriwa wengine.

Siku koplo alipostaafu tulimsindikiza hadi langoni, timu nzima, wengi wetu wakiwa bado wanakimbia kwa miguu aliyoiokoa. Kapteni alitangulia kumpigia saluti, jambo ambalo mkubwa hamfanyii mdogo, na koplo akaijibu huku akicheka, akaenda zake. Nimeuchukua moyo wake kama urithi: anayeijua kazi yake na aseme mapema, hata mbele ya mkubwa, mguu ukiwa bado mzima.