Simu yangu ilipeleka picha za bibi harusi kwenye televisheni ya wanaume, na niliyeiruhusu ni mi

Hamjambo wakuu, na nyinyi wajukuu mulio humu.

Hii ni kitu ya kweli, imetokea nyumbani kwangu hapa Gisenyi, sikutia chumvi hata kidogo. Swahili yangu ni ya huku mupakani, muivumilie hivyo hivyo.

Kwanza niseme nani alikuwepo, maana habari bila majina mi siiamini.

Chumba ya ndani, wanawake. Mi mwenyewe. Zuhura, mujukuu wangu, ndiye bibi harusi. Mama yake, Mariamu, binti yangu wa kwanza. Na Vestine, jirani yangu hapa Nengo, mukristo, tuko pamoja tangu siku alirudi kutoka Congo na watoto wawili mugongoni na mukononi.

Alikuwepo pia mama wa kupaka hina. Huyo nilimuuliza kama naweza kuandika jina yake, akakataa. Basi siandiki. Wengine walikubali.

Sebuleni, wanaume. Hamadi, mutoto wangu, fundi wa nguo, ndiye nakaa naye. Na wageni wa upande ya bwana harusi: Muzee Rajabu, babu yake, na watoto wake wawili, Yusufu wa lori na Saidi. Walileta valizi ya nguo za bibi harusi. Bwana harusi mwenyewe siku ile hakanyagi kwetu, ndiyo desturi.

Bon. Siku ya hina kwetu iko hivi.

Bibi harusi anakaa na nywele wazi, uso na manjano, kanga moja tu kifuani. Wanamuona wanawake peke yao. Zamani ilitosha kufunga mulango. Siku hizi kabla ya kuingia kila mutu anaweka simu ndani ya agaseke, ile kikapu yetu yenye kifuniko.

Zuhura alisimama mwenyewe mulangoni kuzikusanya. Huyu mutoto hapendi picha tangu mudogo. Kuna wakati mwenzake wa kazi alituma picha yake kwenye kundi ya watu bila kumuuliza, akakaa siku mbili hali vizuri. Wengine walimucheka. Mi sikucheka.

Alichukua simu ya mama yake, ya Vestine, ya mama wa hina. Yangu akaiacha.

“Ya Bibi haina neno,” alisema. “Bibi hajui hata kutuma.”

Kweli sikujua kutuma. Lakini kupiga picha najua.

Na nilikuwa na sababu. Dada yangu Asha iko Rusizi, kule mwisho ya ziwa. Miguu imekataa, hawezi kuja. Nikamuomba Zuhura picha tatu tu kwa ajili yake.

Akafikiri sana.

“Za kuonwa na Bibi Asha peke yake. Nitamutumia mwenyewe hina ikikauka. Unaniahidi?”

Nikaahidi, mama yake anasikia. Nikapiga tatu. Moja ya nywele, moja ya mikono, moja anacheka.

Baadaye chakula ikaiva. Pilau, viazi vya Mudende, na sambaza za kukaanga, zile samaki ndogo za ziwa. Sinia ya sambaza niliipeleka mi kwa wanaume, maana kwa umri yangu hakuna atakayesema kitu.

Sebuleni walikuwa wamemaliza dua. Hamadi alikuwa amesimamisha televisheni ili dua isikike, kisha hakuna aliyeigusa tena. Ile televisheni mupya ikikaa bila kazi inaanza kuonyesha picha yenyewe. Hiyo mi sikuijua.

Nafika mulangoni nasikia wanacheka.

Ninatazama, ni muguu yangu. Mwezi uliotangulia ilivimba, nikaipiga picha nimuonyeshe Mariamu. Sasa iko ukutani, kubwa kama mulango, na kucha zote.

“Bi mukwe,” Muzee Rajabu akaniuliza, “hii muguu ilipona?”

“Ilipona, Alhamdulillah,” nikajibu, hata sijaelewa bado.

Ikaja kabichi ya Vestine. Ikaja ng'ombe wa Mudende, wa shemeji yangu.

Kisha akaja Zuhura. Nywele wazi. Manjano usoni. Kanga.

Wakuu, sinia sijui ilinibakia vipi mukononi.

Hamadi akaanza kutafuta rimoti chini ya mito. Haionekani. Muzee Rajabu akasimama, akavua koti aliyovaa juu ya kanzu, akafunika televisheni yote, akabaki ameishika kwa mikono miwili.

“Macho kwenye sahani!”

Hamadi akatupa mito, akachomoa waya ukutani.

Kisha Muzee Rajabu akarudi kwenye kiti yake, akawatazama watoto wake mumoja mumoja.

“Mi nimeona muguu ya bi mukwe. We Yusufu umeona nini?”

“Muguu, baba.”

“We Saidi?”

“Muguu na kabichi.”

“Basi. Na mukiulizwa nyumbani, ni hivyo hivyo. Bi mukwe, lete sambaza.”

Mungu amupe maisha murefu yule muzee.

Nikaweka sinia, nikatoka mule. Hamadi akanifuata kwenye korido.

“Mama, nyamaza. Imekwisha. Ukimuambia leo, huyu anaweza kusema harusi hataki tena.”

Vestine naye alikuwa amesikia kelele, amekuja. “Mama Hamadi, disi, maskini, umuache afurahi. Utamuambia siku ingine.”

Nitasema ukweli, nilitaka kunyamaza. Harusi ilikuwa kesho yake. Ila nikafikiri, ile picha ni yake, na aliyeahidi ni mi. Nikinyamaza, nitakuwa nimemukosea mara ya pili.

Nikaingia.

Zuhura alikuwa amekaa juu ya mukeka, mikono yote miwili mbele, hina bado mubichi mpaka kwenye kiwiko. Nikamueleza yote, na muguu, na koti.

Akauliza:

“Nani ameona?”

“Muzee Rajabu na watoto wake. Na mujomba wako Hamadi.”

“Na bwana harusi mwenyewe?”

“Hakuwepo.”

Machozi ikashuka katikati ya manjano. Hawezi kujipangusa, mikono iko na hina. Mama yake akamupangusa na upindo ya kanga.

“Bibi, leta simu. Kaa hapa.”

Nikamupa. Akanitazama.

“Nitaishika na mikono gani? Utabonyeza mwenyewe.”

Donc, wakuu, ndiyo namna nilijifunza simu. Hina ya kiganja inachukua masaa kukauka.

Tukaanza kutafuta kosa iliingilia wapi. Kumbe siku Hamadi alinunua televisheni alikuwa amesahau neno yake ya siri, akaiunganisha na akaunti yangu, ile nilifunguliwa na mama aliyeniuzia simu. Televisheni ikauliza kwenye simu yangu kama inaweza kuchukua picha zangu, na mupya zote zitakazokuja. Nikabonyeza Ruhusu. Na simu nayo iliniuliza zamani kama iweke kila picha kwenye intaneti. Nikabonyeza Ruhusu.

“Bibi, kwa nini uliruhusu yote?”

“Iliomba kwa adabu.”

Ni ukweli. Mi nimelelewa hivyo, na marehemu mama yangu Bi Salima. Mutu akisimama nje akaomba, unasema karibu kabla hajamaliza sentensi. Kumukatalia mutu mulangoni ni aibu ya nyumba nzima. Simu ikiuliza kitu, mi nilikuwa naona ni mugeni.

Zuhura akasema, “Mugeni akiomba kuingia, karibu. Akiomba kuingia chumbani na kufungua sanduku yako ya nguo, je?”

“Nitamupiga na mwiko.”

“Basi bonyeza Usiruhusu.”

Hapo mama wa hina akacheka mpaka akachafua mustari aliyokuwa anachora kwenye kisigino. Zuhura naye akacheka, mara ya kwanza.

Tukapita programu za simu moja moja. Kurunzi ilitaka majina ya watu wangu wote. Kurunzi! Ya kumulika tu. Usiruhusu. Ile ya saa za swala ilitaka kusikiliza sauti yangu. Usiruhusu. Ile ya redio ilikuwa inajua ninapokwenda, ikatuonyesha na ramani: sokoni, kwa Vestine, na Grande Barrière, pale mupakani na Congo, mara tatu.

“Mama!” Mariamu akashtuka. “Si ulimuambia Hamadi unapumzika nyumbani?”

Nilikuwa naenda kutazama vitenge. Hiyo tuiache.

Tukaondoa akaunti yangu kwenye televisheni. Tukasimamisha ile ya kupeleka picha kwenye intaneti yenyewe. Nisiyoijua kusoma vizuri, Zuhura alinisomea, lakini kidole ilikuwa yangu.

Mwisho tukafika kwenye zile picha tatu.

“Zako,” nikamuambia. “Sema we.”

“Futa.”

Nikafuta. Akasema bado. Kumbe ukifuta, picha inaingia kwenye pipa, inakaa mule siku nyingi inakungojea. Nikamwaga na pipa.

“Na Asha?” nikauliza pole pole.

Zuhura akafikiri. “Mupigie. Uniwekee simu kwenye sikio.”

Nikaishika sikioni kwake mpaka mukono yangu ikafa ganzi. Alimueleza mwenyewe. Maua inaanzia kwenye kidole gani, inapita wapi, inaishia wapi. Nywele zimefika mabegani. Asha aliuliza kila kitu, hata rangi ya kanga na maandishi yake. Walikaa karibu nusu saa.

Mwisho nikamusikia dada yangu anasema, “Basi, mwanangu, nimekuona.”

Harusi ilipita salama. Siku ile Zuhura alipomusalimu Muzee Rajabu, aliinamisha uso, nikaogopa. Muzee akamuuliza tu, “Bibi yako anatembea vizuri?” Zuhura akacheka hadi mutandio ikateleza.

Wakuu, nimejifunza hivi. Vitu hivi vinatoka kiwandani vimekwisha kupangwa kupenda kujua. Si sisi tuliomba. Lakini kukataa iko, imefichwa tu, na hata muzee asiyesoma sana anaweza kuipata kama mutu atakaa naye bila kumunyang'anya simu. Nyinyi wajukuu, ile tabia ya kusema “leta, nikufanyie haraka” muiache. Mukitufanyia, hatujui mumefanya nini.

Na picha ya mutu ni ya mutu. Siku hizi Vestine akitaka kunipiga picha nauliza inakwenda wapi. Ananuna, kisha anajibu.

Aliyepatwa na kitu kama hii aseme, hasa wenye hizi televisheni mupya. Kuna kitu ingine ya kuzima ambayo sijaiona?

Na kama nimekosea mahali, munirekebishe. Hamadi anasema Saidi hakutaja kabichi, alisema muguu tu. Tena anasema wageni walikuwa wane, si watatu, kwamba kuna mumoja alikaa nyuma ya mulango, na mi kweli mulango ilinikinga. Kama huyo wa nne iko humu anasoma, atuambie jina yake. Ikiwa anapenda tu.