Dirisha la Bima na Saa ya Ng'ambo

Jumatatu, mwezi wa tatu. Ukungu tangu alfajiri, kisha manyunyu yasiyokatika. Ndivyo nilivyoandika siku niliyoanza kazi kwenye dirisha la bima, katika kituo cha afya kilicho karibu kabisa na mpaka, hapa Tunduma. Kabla ya hapo nilikuwa mwandikishaji kule Hasamba, Mbozi, nikipita nyumba kwa nyumba kuwapiga picha wakulima wa kahawa ili wapate kadi. Shule yangu ni ndogo, kwa hiyo vijana mnaosoma haya, nikikosea kaulizeni na wengine.

Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alinipokea mlangoni na mwavuli mkononi.

"Wewe ndiye wa kutoka Mbozi?"

"Ndiyo, Mganga."

"Kiti chako kile pale. Utawaambia watu habari mbaya kutwa nzima. Usimkatalie mtu kabla hujamsalimia."

Nilidhani anatania. Kazi ilikuwa kupokea kadi, kulinganisha picha na uso, kisha kuhakiki, maana yake kuuliza mtambo wa Mfuko wa bima kama huyu bado ni mwanachama. Mgonjwa akitoka kwangu anaonana na daktari, halafu anakwenda chumba cha dawa kwa Mama Upendo. Huduma aliyopata tunaipeleka Mfuko, nayo huitwa dai. Mfuko ukilipa dai, kituo kinanunua dawa nyingine. Usipolipa, rafu inakaa tupu, na mwenye kadi anaambiwa akanunue nje.

Miaka ya mwanzo rafu zilijaa. Baadaye gharama zikapanda, na mimi hadi leo najiuliza zilipandia wapi. Nitasema nilichoona, labda si chote. Wapo waliokuja na kadi za ndugu zao. Kijana mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka alileta kadi yenye picha ya mtu mnene mwenye ndevu. "Ni mimi, mzee," akasema, "nilikonda tu." Daktari mmoja aliandika dripu hata kwa mafua, kwa sababu dripu ilikuwa inalipwa vizuri. Na Mfuko nao ulizidi kununua magari na kutuita semina. Tulifundishwa kubana matumizi, kisha tukapakuliwa kuku. Kuku huyo nilimla, kwa hiyo sitawanyooshea wao peke yao kidole.

Halafu akaja Mkaguzi wa Madai kutoka makao makuu, kijana mpole, shati limenyooka. Madai yetu ya miezi kadhaa yalikuwa yamezuiwa, na rafu zilishaanza kuonyesha mbao. Alituita watatu ofisini kwa Mfawidhi: Mama Upendo, mimi, na Mfawidhi mwenyewe.

"Mama," alimwambia Mama Upendo, "kumbukumbu zako zinaonyesha dawa zimetolewa kabla mgonjwa hajafika dirishani. Si mara moja. Ulikuwa unawatabiria?"

"Mwanangu, ningejua kutabiri ningeagiza dawa kabla hazijaisha."

Mfawidhi alikohoa. Mkaguzi hakucheka. Alisema kwa upole kwamba madai ya namna hiyo huitwa hewa, yaani mgonjwa hakuwepo, na kwamba atapendekeza Mama Upendo asimamishwe kazi na afunguliwe mashtaka. Mama huyu alikuwa mjane, anasomesha watoto. Alitoka akaenda kufuta rafu ambazo hazikuwa na kitu.

Je, nilimwamini? Nilitaka kumwamini. Lakini saa zilikuwa zimeandikwa na mashine, na mimi ni nani nibishane na mashine. Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba labda kweli yupo mtu anayetumia jina lake.

Mkaguzi alilala nyumba ya wageni iliyopo jirani na geti la mpaka. Asubuhi alipaswa kupanda basi la kurudi Dodoma. Tulishafungua kituo nilipomwona anaingia na begi lake, shati limelowa mvua.

"Basi limeniacha," akasema. "Haiwezekani. Simu yangu inasema bado muda."

Mlinzi wetu, mzee Simbeye, aliitazama simu ile akatabasamu. "Bosi, hiyo simu imelala Zambia."

Kwa asiyejua: ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikinasa mnara wa kule inarudisha saa yake kimyakimya. Hapa kila mtu analijua. Ukipanga kuonana na mtu unamuuliza kwanza, saa ya huku au ya ng'ambo? Tulilijua mno, kiasi kwamba hakuna aliyewahi kufikiri kulisema.

Mkaguzi aliiweka simu mezani kwangu. Kisha akauliza polepole, "Chumba cha dawa kinatumia nini?"

"Kishikwambi," nikamjibu. "Kina laini."

"Kinakaa wapi?"

Kilikaa dirisha la nyuma, linalotazama mpaka. Tuliingia wote. Alikiweka pale dirishani, tukangoja. Mtandao ulipotea, ukarudi, na saa ikawa imerudi nyuma. Mama Upendo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Sasa mwanangu," akasema, "ni mimi au ni Zambia?"

"Ni Zambia, Mama. Unisamehe. Nitaandika hivyo."

Mkaguzi alitimiza neno lake. Aliandika taarifa, na Mama Upendo akabaki kazini. Lakini pia aliniambia, sisi wawili tu, kwamba yapo madai yetu ambayo hayakuhusiana na saa yoyote, kama yale ya dripu. Yale halali ya chumba cha dawa nayo hayakulipwa. Tuliambiwa mwaka wa fedha umefungwa. Badala yake ilikuja timu, magari mawili, kutufundisha namna ya kurekebisha saa. Nilitaka sana kujua safari ile iligharimu dawa ngapi. Sikuuliza. Nilikuwa karibu kustaafu.

Leo nilikwenda pale kama mgonjwa, na kadi yangu ya mstaafu. Binti wa dirishani alinisalimia vizuri, "Shikamoo babu," na kwa salamu hiyo nikajua kinachofuata. Dawa ya presha imetolewa kwenye kitita, yaani haimo tena katika zinazolipiwa. Nikamuuliza fedha zinakwenda wapi. "Babu," akasema, "hata sisi tunajiuliza." Nilimwamini.

Jioni Mama Upendo alikuja kutoka Mpemba, anakoishi sasa, kutusalimia. Tangu mwaka ule anavaa saa ya kutia ufunguo. Mke wangu alitazama simu akasema bado mapema, wali haujakauka. Mama Upendo akatazama mkono wake. "Pakua, mdogo wangu, hiyo ni ya ng'ambo." Tukala wali wa Kamsamba, maharage na majani ya maboga.