Wenye Damu Kama Yangu

Mama alizaa watoto watano. Mimi ndiye wa kwanza, mdogo wangu wa kiume ndiye wa mwisho, na katikati yetu wapo watatu ambao hawakumaliza wiki. Wote walizaliwa wakilia vizuri. Kesho yake macho yakawa ya manjano, kisha ngozi, kisha wakaacha kunyonya.

Baba alikuwa mfugaji aliyeshuka na ng'ombe zake kutoka Usukumani. Tulipomzika wa pili wa hao watatu, alisema pale Kibaoni tulipokaa pana mkono wa mtu, akatuhamishia Sitalike. Wa tatu akafia Sitalike. Tukiwa tumekaa msibani, shangazi, dada yake baba, alinitazama akasema watu wote wakisikia, "Mnahangaika na mchawi wa nini? Huyu hapa. Anakula wenzake."

Nilikuwa na miaka tisa. Nilinyolewa, nikachanjwa chale kifuani, nikakatazwa kumgusa mama akiwa mjamzito. Mimba ya mwisho ilipokomaa nilipelekwa kukaa mbali, na mdogo wangu akapona. Kwao huo ndio ulikuwa ushahidi.

Hata nilipokuwa mtu mzima, nikiuza vitenge Mpanda mjini, sikuvuka mlango wa chumba alimolala mzazi. Nilipeleka zawadi, nikaiacha kizingitini. Wanangu mwenyewe niliwafunua macho kila saa, hadi muuguzi akanifokea.

Mwaka jana mama alipatwa na uvimbe kwenye kizazi, damu ikamtoka mpaka akashindwa kusimama. Tulimleta hospitali Mpanda. Daktari akasema haendi kupasuliwa bila kuongezewa damu. Nikatoka mbio Kawajense ninakoishi, nikanyoosha mkono.

Mtaalamu wa maabara alirudi amekunja uso.

"Dada, damu yako haimfai. Wewe ni O chanya, mama ni O hasi, na damu yake inaishambulia ya kwako. Aliwahi kuongezewa damu?"

"Hapana."

"Amezaa wangapi?"

Nikamsimulia. Nilipofika kwenye macho ya manjano, akaweka kalamu chini.

Alinieleza taratibu. Ipo alama juu ya chembe nyekundu za damu. Baba alikuwa nayo, mama hana, mimi niliirithi kwa baba. Siku niliyozaliwa, damu yangu kidogo iliingia kwa mama. Mwili wake ukaiona ni mgeni, ukatengeneza kinga, na kinga ile haikusahau. Kila mtoto aliyefuata mwenye alama ile, kinga ilimfuata tumboni ikavunja damu yake. Ipo sindano ya kuzuia hayo, lakini anapewa mama mapema, kabla mwili haujajifunza.

"Huyo mdogo wako aliyepona, nadhani alichukua damu ya mama. Mwite haraka."

"Kwa hiyo ni mimi," nikasema.

"Siyo wewe, dada. Ungefanya nini? Ulikuwa unazaliwa."

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje. Miaka yote nilijipoza kwamba shangazi alikuwa na roho mbaya tu. Sasa hospitali nayo ilikuwa kama inakubaliana naye, ila kwa maneno ya upole.

Mdogo wangu alitoka Kibaoni, anakolima, na basi la kwanza, matope ya mpunga bado yako kwenye viatu. Akapimwa: O hasi. Damu yake ikaingia kwa mama bila tatizo, na mama akapasuliwa salama.

Siku ya nne alipoweza kukaa, nikamweleza yote. Sikutaka kufa nalo peke yangu.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Sindano hiyo, ningechomwa baada ya nani?"

"Baada yangu, mayu," nikasema, nikimwita mama kwa Kisukuma.

Akageukia ukutani. Nilidhani amelala. Kumbe alikuwa anahesabu kitu chake.

"Basi wale watatu," alisema, "walikuwa na damu kama yako."

"Ndiyo, mayu."

Akanigeukia, akanitazama paji la uso, pua, kidevu, kama mtu anayetafuta watu wake kwenye umati.

"Shangazi yako usimwambie," akasema. "Hatajua kulisikia."

Amerudi Sitalike na anatembea vizuri. Nikienda kumsalimia ananiambia nikae mbele yake, penye mwanga, na ananitazama namna ile ile, muda mrefu. Namwacha atazame. Najua hanioni mimi peke yangu.