Uso wa Tangulia

Mama yao aliwapa majina siku ileile aliyowazaa. Aliyetoka kwanza akaitwa Tangulia, na wa pili, aliyechelewa dakika kumi, akaitwa Fuata. Walifanana kama shilingi kwa ya pili, lakini tabia mbalimbali. Tangulia alikuwa na mdomo wa biashara. Fuata alikuwa na mikono. Mmoja akafungua duka la mtandaoni la foronya za kutarizi, mwingine akakaa kwenye cherehani na kushona kila kilichoagizwa.

Kisha Tangulia akafa kwa homa ya siku nne, na duka likabaki kwa jina lake. Kampuni iliyopokea malipo ya kadi za wateja ilimjua yeye tu, kwa kitambulisho chake na kwa uso wake.

Hapo ndipo Fuata alipofanya kosa ambalo wewe na mimi hatuwezi kulifanya hata tukitaka. Wiki ya sita baada ya mazishi, simu ya duka ilidai uthibitisho wa mwenye akaunti: geuka kushoto, geuka kulia, tabasamu. Oda kumi zilikuwa zinasubiri. Fuata akachukua miwani ya marehemu, akaivaa, akatabasamu.

“Asante, Tangulia. Tumekutambua.”

Alilia mpaka akapata kwikwi, lakini duka halikufungwa.

Kila baada ya miezi mitatu kampuni ikawa inamtaka tena yule dada. Mara ya pili ilimkataa. Akajua ni nywele, akazikata fupi kama za kwenye picha. Mara ya tatu ikamkataa tena, akasimama mbele ya kioo siku nzima akijifunza kucheka upande mmoja, kama alivyocheka Tangulia akishapata mteja. Wateja walipoandika, “Dada, bado upo?” alijibu, “Nipo, mpenzi.” Jirani wa chumba cha tatu akaanza kubadilisha njia akimwona anakuja.

Ikafika siku yao ya kuzaliwa. Kampuni ikatuma pongezi: “Heri ya siku ya kuzaliwa, Tangulia!” Siku ilikuwa ya wote wawili, pongezi zikaja kwa mmoja, tena kwa aliyelala kaburini. Fuata alikaa na simu mkononi, akiogopa. Hakuogopa mzimu, mzimu ungekuwa nafuu. Aliogopa kwamba labda aliyekufa ni yeye, na watu wanamwonea haya kumwambia.

Mambo yakaenda hivyo miaka miwili, hadi kampuni ile ilipotangaza kwamba inafunga huduma zake mwisho wa mwezi. Wenye maduka watafute pengine. Fuata akamwita binamu yake, fundi wa tovuti, ambaye alikuja na kompyuta yake na maneno mengi, kwani mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

“Njia ziko tatu, dada,” binamu alisema. “Benki inakata kidogo, lakini uende mwenyewe na karatasi zote za biashara, na hela zinachelewa kuingia. Kuna kampuni hii ya ada ya kila mwezi, uuze usiuze. Na hii ya tatu inakata asilimia kila ukiuza tu. Kujisajili ni hapohapo kwenye simu, kitambulisho na uso, basi. Mteja anajaza namba za kadi kwenye ukurasa wao, wewe huzioni, kwa hiyo hata duka likidukuliwa hakuna kadi ya mtu itakayoibwa.”

“Hii ya tatu.”

“Mimi pia ningechukua hiyo. Nikujazie? Tunaandika jina lako, si ndiyo?”

“Niachie,” Fuata alisema haraka. “Nitajaza mwenyewe.”

Binamu aliondoka bila kujua alichoacha nyuma. Njia ya tatu haikuhitaji kwenda popote wala kuonana na mtu. Tangulia angeweza kusajiliwa upya leo hii, akiwa mzima kabisa.

Mchana huohuo Fuata akatoa kitambulisho cha marehemu kwenye droo, akaketi mbele ya cherehani, akavaa miwani. Geuka kushoto. Geuka kulia. Tabasamu. Simu ikakubali, ikabaki kumwonyesha neno moja: Kamilisha.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na foronya alizozipiga pasi. Hakuna ajuaye alisimama hapo kwa muda gani.

“Mama, usishtuke. Ni mimi.”

“Wewe nani?”

Fuata akaanza kujieleza, maneno yakigongana. Wateja wanamjua dada. Jina likibadilika, duka linaanza moja. Kisha akasema la moyoni. “Mama, hii mashine bado inamtambua. Nikimfuta humu, nani atabaki kumwita?”

“Mimi,” mama alisema. “Namwita kila asubuhi, na sidai aitike.” Akaziweka foronya mezani, moja moja, zisikunjike. “Mwanangu, nilizaa wawili. Mmoja nimemzika, najua alipo. Wewe ndiye ninayekutafuta humu ndani mwaka wa pili huu, sikuoni.”

Fuata akaitazama simu. Kidole kilikuwa juu ya Kamilisha. Akakihamisha, akabonyeza Futa, na Tangulia akaondoka kwenye kioo cha simu bila sauti.

Akatafuta kitambulisho chake mwenyewe. Msichana wa kwenye picha alikuwa na nywele nyingi na macho ya aibu. Akamweka mbele ya simu, akageuka kushoto, akageuka kulia, akatabasamu.

“Uso haulingani na kitambulisho. Jaribu tena.”

Akajaribu. Ikamkataa.

“Mama, imenikataa!” Akamgeuzia simu. “Inasema siyo mimi.”

Mama akamvua miwani, akaikunja, akaiweka mbali. Akamtazama usoni.

“Unacheka kama yeye. Wewe ulikuwa unachekaje?”

“Sikumbuki.”

Mama akavuta kiti, akaketi karibu naye, goti kwa goti.

“Mimi nakumbuka,” alisema. “Jaribu tena.”