Nyota Ambazo Hakuna Aliyezitoa

Mama mdogo hulea watoto wa wenzake nyumbani kwake Manzese, wazazi wanapokuwa kazini. Asubuhi ile nilikuwa barazani kwake nikimenya viazi vya watoto, mwanamke kijana alipoingia akiwa amembeba mtoto mchanga.

"Shikamoo mama. Nimewaona mtandaoni."

"Marahaba mwanangu. Kumbe na sie tumo!" Mama mdogo alinitazama kwa furaha, maana tovuti ile nilimtengenezea mimi.

Mgeni alieleza kwamba ametoka Madale, likizo yake ya uzazi imekwisha, na leo anaripoti kazini. "Wengine wana majina tu. Nyie mna nyota nne na nusu, na maoni ya watu themanini na tisa."

Mama mdogo alikuwa amekwishampokea mtoto. Akacheka. "Themanini na tisa! Mie nalea sita tu, na hata kuongea bado. Hao wengine wametokea wapi?"

Mgeni naye akacheka, akidhani ni unyenyekevu. Mimi niliweka kisu chini. Nilichukua simu, nikatafuta. Nyota zilikuwepo, za manjano, chini ya jina la mama mdogo.

Kila tovuti inaweza kubeba maelezo ambayo msomaji hayaoni, yaliyopangwa kwa utaratibu maalumu ili mtambo wa kutafutia mtandaoni usikisie: hili ni jina, hapa ni mahali, hizi ni saa za kazi. Chuoni niliipenda kazi hiyo kama wajibu. Niliamini kwamba kwa njia hiyo mwanamke wa Manzese ataonekana sawasawa na mwenye jengo la vioo. Basi nilinakili mfano wa darasani, nikabadilisha jina, mahali na saa. Mistari ya chini, yenye nyota na idadi ya maoni ya mfano, niliiacha ilivyo. Mtambo ukaniamini, ukazionyesha. Na mgeni huyu akauamini mtambo, akaleta mwanawe.

Ningeweza kunyamaza na kusahihisha jioni. Mama mdogo ni mlezi mwema kweli. Lakini mgeni alikuwa anautua mkoba wa chupa za maziwa.

"Dada, samahani," nilisema. "Hizo nyota si za kweli. Zilibaki kwa kosa langu. Hakuna mtu aliyezitoa."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Alimchukua mwanawe kutoka begani kwa mama mdogo.

Mama mdogo alinikazia macho. Sikuwahi kumwona hivyo. "Umeniandikia uongo? Kwa jina langu?"

Alimgeukia mgeni, akamtajia namba ya mmoja wa wazazi. "Mpigie huyu. Mie nakaa pembeni."

Mgeni alipiga akiwa amesimama, mtoto kifuani. Alisikiliza kwa muda mrefu, kisha akauliza jambo moja tu: "Na wako, akilia, anambeba?"

Sikusikia alichojibiwa. Nilimwona akipiga tena, safari hii kazini kwake, kuomba ruhusa ya kuchelewa. Akavua viatu, akaingia chumba cha watoto, akiwa bado amemkumbatia mwanawe.

Mama mdogo alimfuata. Mlangoni alisimama.

"Wewe," aliniambia, "futa. Sasa hivi."