Ukurasa wa Shamila

Mzee Adinani hajawahi kuona jini, wala mzuka. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa mtaani kwetu Cheyo wapo wanaopita mbele ya nyumba yake wakikaza mwendo, eti analala na mashetani. Upuuzi mtupu. Analala peke yake, tena vibaya, na mimi ninayepakana naye ukuta namsikia akikohoa.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza cherehani. Miaka thelathini alizunguka na mkoba wa bisibisi na kichupa cha mafuta, Kipalapala, Nzega, Igunga mpaka Ziba, nchi hii hii waliyoikanyaga wapagazi wa zamani na pembe zao za ndovu. Mtu anayesubiri cherehani yake hana la kufanya, basi husimulia. Adinani akaanza kuyaandika yale waliyokutana nayo watu hao yasiyo na maelezo, kwenye daftari kubwa la jalada jeusi. Masharti yake yalikuwa mawili. Uwe umeona wewe mwenyewe, "nimesikia" hakupokea. Halafu usimulie mara mbili, siku tofauti.

"Uongo hukaririwa," aliniambia siku alipokuja kunifungia mkanda wa cherehani. "Aliyeona kweli, kila akisimulia hukumbuka kitu kipya."

Bertila wa Ziba, kwa mfano, siku ya kwanza alisema mwanamke asiye na kivuli alimwomba maji mchana kweupe, akanywa, akatoweka. Wiki iliyofuata, akisimulia tena, alishtuka katikati ya maneno: kata ile ya maji ilirudi mkononi mwake nzito kuliko ilivyokwenda. Akaogopa upya, pale pale, mbele ya fundi. Ndipo Adinani akachukua kalamu. Ukurasa ule nikiusoma nywele hunisimama, nami si mtu wa kutishwa ovyo.

Msomaji wake wa kwanza siku zote alikuwa mkewe, Shamila. Alikuwa akimtania: "Umeandika ya mkoa mzima, ya kwako huna hata moja. Nikitangulia mimi, nitakuja, nawe upate." Wakauacha ukurasa wa mwisho mtupu kwa ajili hiyo, wakicheka. Mwaka wa tatu huu Shamila yuko kaburini, na mtoto wao Majidi yuko Dar, hupiga simu Idi hadi Idi. Kila alasiri mzee huweka barazani vigoda viwili, vikombe viwili vya kahawa, na daftari. Kikombe kimoja hukinywa. Cha pili hungoja kipoe, akakimwaga mchangani na kukisuuza.

Roho iliniuma, na roho ikiniuma huwa nafanya ujinga. Nikatunga.

Jumatatu nilikwenda barazani kwake. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Anifa."

Nikamwambia nimemwona Shamila uani kwangu asubuhi, kajifunga kanga yake ya zambarau, kashika ungo. Kaniambia, "Mwambie baba Majidi nimefika salama, nitakuja." Hapo nikasafisha koo, nikaendelea: nikageuka kuangalia sufuria, na nilipotazama tena hayupo.

Mzee alikitua kikombe kwa pupa mpaka kahawa ikamwagikia kanzu. Hakuandika. Alisema kwa sauti ndogo, "Njoo Alhamisi, mwanangu, unisimulie tena."

Siku zile mbili nilisikia mambo mapya ukutani. Alifagia. Alihamisha kitanda. Jumatano aliimba, mzee wa watu, wimbo wa harusi! Mimi nikakosa raha kabisa. Niliogopa kumvunja moyo kwa kukosea hata neno moja, basi huku nashona nikawa naikariri hadithi yangu, mwanzo mpaka mwisho, mara ishirini, mara thelathini. Ya kwamba uongo hukaririwa, woga ulinisahaulisha.

Alhamisi nilimkuta kavaa kanzu mpya. Nikasimulia. Alinisikiliza kainamisha kichwa, kama anavyosikiliza cherehani inayoruka uzi. Nilipofika kwenye sufuria nilijua nimekwisha, lakini sikuwa na pa kurudi. Nikamaliza.

"Hata koo umesafisha pale pale uliposafisha Jumatatu," alisema.

Nikaanza kulia. "Nisamehe, mzee wangu. Nimechoka kukiona kile kikombe kikimwagwa."

"Najua."

Hakukasirika. Laiti angenitukana! Nilikuwa na majibu tayari, kwamba mtu mzima hawezi kukaa miaka mitatu akingoja mgeni wa namna ile. Badala yake alikitazama kikombe cha pili, akakisogeza upande wangu.

"Kinywe basi, kisipoe."

Nikakinywa, na machozi yangu humo humo. Yeye akafungua daftari ukurasa wa mwisho, akaandika polepole, akiwa amelifunika kwa kiganja. Adhana ilipolia alivaa kofia, akaenda zake msikitini. Daftari akaliacha wazi juu ya kigoda, na mzee yule hajawahi kuliacha wazi kwa bahati mbaya.

Nikasoma.

"Mimi, Adinani bin Mabruki, nimeona kwa macho yangu mwenyewe. Jirani yangu Anifa amekuja mara mbili kunidanganya kwa huruma, na amekunywa kahawa. Shamila hajaja."