Mlango wa Kioo

Jumanne nilikwenda kwenye makao ya wazee huku mtaa wa Uccle kuulizia nafasi ya mama mkwe, safari inayochosha kabla hujatoka nyumbani. Pembeni yangu waliketi bibi mmoja Mwingereza na mama wa Kikongo anayemtunza. Binti wa bibi aliingia kwa karani, akafunga mlango wa kioo taratibu, mama yake asisikie.

Bibi akakikazia macho kile kioo. Kisha akamnong'oneza mtunzaji wake, naye akashusha pumzi.

"Kuna nini, mama?" nikamuuliza.

"Papa, huyu maman alitumika mu usine, kiwanda ya kufuma bitambaa, kule Angleterre. Mashini zilikuwa na makelele mingi, donc bote balikuwa banaongea na midomo tu. Hata ku nyumba na batoto, hivyo hivyo. Anaona yote yenye mutoto wake anasema."

"Anasema nini?"

"Eti maman amekubali kubakia hapa. Bon. Hakuna mwenye alimuuliza."

Binti akatoka akitabasamu, akasema sasa waende wakanywe chai. Bibi akamtazama, akachezesha midomo polepole, bila sauti. Binti akaketi palepale, mkoba ungali begani, akainamisha kichwa.

Sikuelewa alichoambiwa. Zamu yangu ilipofika niliingia kwa karani, nikauacha mlango wazi. Tukishakua tunakuwa hodari wa kufunga milango taratibu, tukasahau ni nani aliyetufundisha kusema.